Kichwa cha Treni cha Bruda Clemens

Waoga wapo wa aina nyingi, na mimi si wa kuogopa panya. Mimi Mwanaheri binti Omary nimetengeneza redio na nyaya za magari hapa Makambako tangu kabla ya soko huria. Nimegombana na madereva wa malori wenye shingo nene kunizidi kiuno, na hajatokea wa kunifunga mdomo. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka ule niliogopa, mniamini.

Nilichokuwa nakiogopa ni kidole changu mwenyewe, gumba la mkono wa kulia.

Lilianza baada ya Idi. Nimekaa zangu nasikiliza taarifa ya habari, mkono nimeulaza pajani hauna kazi yoyote, mara naliona gumba linasugua kidole cha shahada, taratibu, taratibu, kama mtu anayevuta tasbihi. Tasbihi yenyewe haipo. Nikaliambia, "We! Tulia!" Likatulia kidogo, likaanza tena. Gumba lile nilikuwa nimeshaliona. Lilikuwa la baba.

Baba yangu, Mzee Omary, alitoka Tanga kuja huku wakati reli inajengwa, akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na stesheni. Aliponifundisha kazi watu walimcheka, ati mtoto wa kike na pasi ya kulehemu wapi na wapi. Wao wamenyamaza, mimi bado nipo. Gumba lake lilipoanza kusugua, wenzake msikitini walimsifu, wakasema mzee yule hata akipumzika anamdhukuru Mola. Kumbe maradhi. Kidole kikauita mkono, mkono ukakiita kichwa, na siku moja pasi ya moto ikamponyoka ikamwangukia pajani, na hakuishika tena. Mwishoni hakuweza hata kupeleka kikombe mdomoni. Aliyekuwa akimnywesha chai ni mume wangu Issa, kwa sababu baba aliona haya kunyweshwa na binti yake. Issa hakuwahi kuonyesha kwamba amechoka.

Haya, niambieni, Issa huyo huyo ningemwambia nini? "Baba Rukaiya, jitayarishe, zamu ya pili inakuja"? Nikaamua kuficha. Najua, najua, mficha maradhi kilio humuumbua. Msinisomee methali, hata mimi ninazo.

Kuficha nako kuna ufundi wake. Nikisikiliza redio niliukalia mkono. Nikienda sokoni niliubebesha kikapu, maana ukiwa na kazi, gumba lilitulia. Shida ilikuwa chai. Mkono ukishika kikombe na kusubiri mwenzio apokee, kisahani kinalia. Hapo ndipo nikaiba adabu za wenyeji. Wanawake wa Kibena hawakupi kitu hivi hivi tu. Mkono wa kulia unatoa, wa kushoto unaushika ule wa kulia, na magoti yanakunjwa kidogo. Miaka yote nilikuwa nawatania majirani zangu kwamba heshima itawapinda migongo. Sasa na mimi nikaanza kumpa Issa chai vile vile, mkono wa kushoto umekibana kifundo cha wa kulia kwa nguvu zote. Alipokea, akanywa, hakusema neno. Nikajiona mjanja.

Jambo moja tu lilinipa moyo. Baba alishindwa kwenye pasi ya kulehemu, na mimi nikishika pasi mkono ulikuwa bado shwari. Lakini moyo nao una maswali yake. Redio zilikuwa haziji tena kwa wingi, watu walikuwa wananunua hizi za Dubai, zikifa wanatupa. Kazi yangu kubwa ikawa taa na honi za malori, na nyaya za lori ni nene, hata mtu aliyelewa ulanzi ataziunga. Nilikuwa sijui mkono wangu una hali gani kwenye kazi nyembamba, na kusema kweli nilikuwa sitaki kujua.

Ndipo akaja Bruda Clemens.

Bruda alikuwa Mswisi mzee wa misheni moja jirani na Njombe, fundi wa umeme wa pale tangu ujana wake. Chumbani kwake alikuwa na meza kubwa, na juu yake reli ndogo, stesheni, na milima aliyoitengeneza kwa magunia na plasta. Krismasi alikuwa anawafungulia watu mlango waje kutazama treni zinavyozunguka, na hata sisi Waislamu wa Makambako tulikuwa tunakwenda, nani hapendi? Siku ile alisimama mlangoni kwangu, macho yake yameingia ukungu, akatoa mfukoni kitambaa. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha treni, cha chuma, cha kijani, kinakaa kiganjani.

"Kamwene, Mama Fundi," akanisalimia kwa Kibena, na mimi nikamjibu. "Dada yangu kaniletea dekoda kutoka nyumbani. Mbili. Nilitaka kuzifunga mwenyewe, lakini nyaya zake sizioni. Wewe utaniwekea?"

Akanieleza. Kwa mtindo wa zamani, ukitia umeme kwenye reli, kila kichwa kilichopo juu ya reli kinaondoka, na vyote vinakwenda pamoja, havina akili. Dekoda ni kipande kidogo mithili ya stempu, kinafungwa ndani ya kichwa cha treni na kazi yake ni kusikiliza. Umeme unakaa kwenye reli muda wote, na kila kichwa kinasubiri kiitwe kwa namba yake. Kikiitwa ndiyo kinakwenda, na kinakwenda kama ulivyokiamuru, si zaidi wala si pungufu.

"Nyaya zake zikoje?" nikauliza.

Akanionyesha. Lo! Nyembamba kama nywele za mtoto mchanga.

Nilitaka kusema sina nafasi. Mdomo ukasema nitakuja. Sikukubali kwa ajili ya Bruda, Mungu anisamehe. Nilijiwekea nadhiri pale pale mlangoni: nikiziunga nyaya zile bila mkono kutetemeka, basi sina maradhi, ni uchovu tu na mambo ya umri. Na nikishindwa, basi ni ya baba, nikatafute mtu wa kunishikia kikombe.

Issa alikuwa anakwenda Matembwe na lori kupakia mbao, kwa hiyo akanishusha misheni asubuhi, na kuahidi kunipitia akirudi. Njia nzima toka Makambako niliukalia mkono. Baridi ya Njombe siku ile ilikuwa inauma, na nilishukuru, maana mtu akitetemeka Njombe hakuna anayemuuliza kwa nini.

Bruda alinitandikia kitambaa cheupe dirishani penye mwanga. Akaniwekea miwani ya kukuzia, pasi yake ndogo ya kulehemu, na risasi ya kuungia, nyembamba ambayo sijawahi kuiona dukani. Halafu akanisomea karatasi ya maelekezo kwa lenzi, neno moja moja, akilitoa Kijerumani na kulitia Kiswahili. Waya mwekundu na mweusi zinachukua umeme kutoka kwenye magurudumu. Wa rangi ya chungwa na wa kijivu zinakwenda kwenye mota. Zilizobaki ni za taa. Alipofika katikati ya karatasi akaitwa, jenereta ya zahanati imekataa kuwaka. Akaenda, akaniacha na karatasi ya Kijerumani, na mimi Kijerumani nakijulia wapi?

Nikakifungua kichwa kile. Ndani mota, na kutoka kwenye kaboni moja, zile zinazoipa mota umeme, kuna ulimi mwembamba wa shaba unaogusa bodi. Nikautambua kama mtu anavyomtambua shangazi yake. Fundi yeyote wa Makambako angeutambua. Lori zima, kuanzia taa za mbele hadi breki za nyuma, linakwenda kwa waya mmoja mmoja, na wa pili ni bodi lenyewe. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi, ni bodi. Taa ikififia, kwanza unakwangua kutu, unaibana ethi vizuri kwenye bodi, ndiyo unaanza kufikiri. Basi nikaukwangua ulimi ule ukang'aa, nikaubana barabara kwenye bodi, nikaridhika nao.

Halafu nikashika pasi.

Nikasema bismillah. Nikausogeza mkono wa kulia, na mkono ukaenda. Nikaugusisha waya wa kwanza, risasi ikayeyuka, ikakaa, ikang'aa. Mkono tuli! Wa pili, tuli. Wa tatu. Nilikuwa naogopa hata kumeza mate. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni kwenye baridi ile, na viungo vyote vimekaa safi, hata baba asingekuwa na la kusema.

Bruda akarudi na grisi mikononi. Tukakiweka kichwa relini. Akawasha.

Pakatoka moshi. Moshi mdogo tu, uzi mmoja, halafu harufu ile ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayeipenda. Bruda akazima haraka, akabaki amesimama ameinamisha kichwa, hakunigombeza. Heri angenigombeza! Mimi kiroho papo. Nikajua mkono umenisaliti, nimedondosha tone la risasi mahali sikuona, nimegusisha nyaya mbili, nimefanya kama baba. Nikakaa.

Konsolata, mpishi wa misheni, akaingia na chai. Akanipa kikombe, mkono wa kushoto umeshika wa kulia, goti limekunjwa. Nikautazama mkono wangu na kuuona unasubiri pajani, gumba limeshaanza kazi yake. Nikasema, "Weka mezani tu, mama, asante." Akaniangalia vibaya kidogo, maana kwao kutopokea ni dharau. Hata kuomba radhi sikuweza.

Nikavaa miwani nikakichungulia kile kichwa, kiungo kimoja baada ya kingine. Hakuna kilichogusana. Hakuna tone. Nikarudia tena. Safi. Sasa ndiyo nikazidi kuogopa, kwa sababu kosa usiloliona ni baya kuliko unaloliona.

Bruda alikuwa amekaa na lenzi yake anaisoma upya ile karatasi, kidole chini ya kila neno. Akasimama mahali. "Mama Fundi," akasema, "hapa wanasema mota isiguse bodi. Hata kidogo. Ikigusa, dekoda inaungua."

Nikautazama ulimi wa shaba, unang'aa, nilivyoukwangua kwa mikono yangu mwenyewe.

"Bruda! Mimi ni fundi wa malori! Kwetu bodi ndiyo waya wa pili!" Nikacheka. Nimemuunguzia mzee wa watu kitu chake kilichovuka bahari, nami nacheka, machozi yananitoka. Mkono haukukosa! Yaliyokosa ni mazoea. Mazoea ni ya kichwani, na kichwa changu kina nafuu, kinaweza kufundishwa.

Bruda akanitazama kwa macho yake ya ukungu, sijui aliona nini. Akafungua droo, akatoa ile dekoda ya pili, iliyokuwa ya kichwa kingine. "Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Dada yangu ni mzee, hatatuma tena."

Nisikilizeni, mara ya kwanza niliogopa, lakini mara ya pili niliogopa zaidi. Niliukata ulimi ule. Nikaweka tepu kati ya mota na bodi, nikapima kwa mita, nikapima tena, sindano haikusogea hata chembe. Nikaondoa ile iliyoungua, nikafunga hii. Mkono ulikwenda na kurudi, ukashika pasi, ukaiacha. Haukutikisika. Kila waya ulipokaa nilisema moyoni: sina. Sina. Sina.

Nilikuwa nafunga kifuniko Issa akaingia, nguo zake zinanuka utomvu wa mpaini. Akatusalimia wote, akavuta kiti. "Vipi, Mama Rukaiya, umeshamaliza kuwaunguzia?" akasema kwa utani. Nikamwambia anyamaze, asiniletee nuksi.

Tukakiweka kichwa relini. Bruda akawasha. Hapakutoka moshi. Taa mbili ndogo za mbele zikawaka, na kichwa chenyewe kimesimama tu, hakiendi. Konsolata akashika mdomo, kwa sababu siku zote pale mezani taa ziliwaka treni ikiwa inakwenda. "Inasubiri," Bruda akasema kwa furaha. Akashika kifaa chake chenye kirungu cha kuzungusha juu, akabonyeza tatu, ndiyo namba aliyokipa, akakizungusha kirungu polepole. Kichwa kikaondoka. Kikapita chini ya mlima wa magunia, kikatokea upande wa pili, kikapunguza mwendo, kikasimama stesheni. Bruda alikuwa haoni vizuri lakini alikifuata kwa masikio, uso wote unacheka.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimezaliwa upya. Kifua kilifunguka. Niliona nitarudi Makambako, nitapika pilau, nitamsukumia Issa kikombe chake kwa mkono mmoja na kumwambia anywe kabla hakijapoa. Nilikuwa sina maradhi. Ushahidi ulikuwa pale stesheni umewasha taa.

"Sasa wewe, Mama Fundi," Bruda akasema, akanipa kile kifaa. "Kirungu kikiwa katikati, imesimama. Kulia inakwenda mbele, kushoto inarudi nyuma. Inatii sana, usitumie nguvu."

Nikakipokea. Nikakilaza pajani, gumba la kulia juu ya kirungu, nikastarehe. Nilikuwa nimechoka kwa kuogopa, ndiyo mara ya kwanza siku ile kuulegeza mkono. Nikainua macho kutazama treni.

Kichwa kikasogea mbele, kidogo tu. Kikarudi nyuma. Kikasogea mbele. Kikarudi. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, pale pale stesheni, taratibu, taratibu, taa zake zinacheza ukutani.

Konsolata akaangua kicheko. "Ee, inacheza ngoma!"

"Kuna nini?" Bruda akauliza, sikio ameliinamisha. "Naisikia. Kuna waya umelegea?" Akapiga magoti akaanza kupapasa chini ya meza.

Hapakuwa na waya uliolegea. Dekoda ilikuwa nzima kabisa, nimeifunga mwenyewe, ilikuwa inatii amri. Nilijaribu kulizuia gumba na nilishindwa. Nilijaribu kukiweka kifaa chini na vidole havikuachia, mwili mzima ulikuwa umeganda, isipokuwa hicho kidole kimoja. Nilikitazama kichwa kile cha kijani kinavuta tasbihi ya baba yangu mbele za watu, nikataka dunia ipasuke.

Issa alikuwa anaitazama treni. Hakuutazama mkono wangu hata mara moja. Akainuka, akaja akachuchumaa mbele yangu, akaweka kiganja chake kizito juu ya mkono wangu. Treni ikasimama.

Nikamtazama. Sikuona mshtuko usoni pake. Hapo ndipo nikaelewa, na hofu ikanishika upya.

"Tangu lini?" nikamnong'oneza.

"Tangu uanze kunipa chai kwa mikono miwili," akasema polepole. "Mke niliyemuoa mimi hajawahi kunipa heshima ya hata kijiko. Ghafla ananikunjia goti. Mwanzoni nilidhani kuna jambo umelifanya."

"Na ukanyamaza?"

"Niliogopa, Mama Rukaiya. Nilimnywesha baba yako. Njia ile naijua mpaka mwisho wake."

Vidole vyangu vikaachia, kifaa kikabaki pajani.

"Mbona imesimama?" Bruda akauliza kutoka chini ya meza.

"Imefika stesheni, Bruda," Issa akamjibu.

Konsolata aliacha kucheka. Sijui alielewa kiasi gani, lakini alikwenda akaniletea chai nyingine, ya moto, na akanipa kwa adabu yake ile ile, mkono wa kushoto umeshika wa kulia. Niliogopa kikombe kile kuliko nilivyoiogopa dekoda. Issa akaondoa kiganja chake akangoja, hakuniwahi. Nikanyoosha mkono wa kulia, peke yake. Kisahani kikalia, kikalia, chai ikamwagikia vidole, na wote wakakisikia mpaka kikombe kilipofika mdomoni.

Nikanywa. Halafu nikamwambia Konsolata sukari amezidisha.